Nyonga inauma mwaka wa ngapi sasa? Anzia hapa

Nyonga yangu ya kulia ilinisumbua miaka 7 kabla sijawekewa nyonga bandia, na kati ya hiyo miaka 2 ya mwanzo nilitibiwa goti. Goti lenyewe zima kabisa. Nilipigwa picha ya goti mara mbili, nikafungwa bandeji, nikapewa vidonge na dawa ya kuchua, na kila nikirudi naambiwa goti halina kitu labda ni umri (nilikuwa na 41 jamani). Siku moja daktari mwingine akanilaza chali, akaukunja mguu, akauzungusha kidogo tu, nikapiga kelele mpaka nesi akachungulia. Akasema hili sio goti, hii ni nyonga. Haikuchukua hata dakika 2. Kwaiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye bado anazungushwa, na kwa yule ambaye ameshaambiwa anaumwa nini ila hajui aishi nayo vipi. Mimi sio daktari, ni mgonjwa mzoefu tu, chukua maneno yangu hivyo.

Hatua ya 1: Onyesha kwa mkono, usiseme kwa mdomo

Ukimwambia mtu "nyonga inaniuma" yeye anaelewa yake na wewe una yako. Neno moja linabeba sehemu tatu tofauti na kila sehemu ina ugonjwa wake na dawa yake, hapa ndo wengi tunapopotezea miaka. Simama sasa hivi weka mkono pale panapouma.

Kama mkono umeenda kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, basi kuna uwezekano mkubwa ni joint yenyewe, yaani pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye kikombe chake. Wengine badala ya kugusa kinena wanashika pembeni kwa kiganja kizima, kidole gumba kinabaki nyuma na vidole vingine vinakuja mbele, kama unavyoshika bilauri pana. Madaktari wanaijua hiyo ishara na nayo inaelekeza kwenye joint. Maumivu ya joint yanapenda kushuka mbele ya paja mpaka gotini kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inachangia njia, na kuna watu hawasikii chochote juu, wanasikia goti tu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kama mkono umeenda ubavuni, kwenye ule mfupa unaojitokeza pembeni, pale ambapo ukilalia upande huo usiku unaamka, mara nyingi hiyo ni kano za misuli ya makalio zimechoka au zimechubuka. Inawapata zaidi wanawake kuanzia miaka 40 hivi. Joint inaweza kuwa nzima kabisa.

Na kama mkono umeenda nyuma kwenye tako, hasa kama maumivu yanapita goti yanashuka mpaka unyayoni na ganzi au kuchomachoma, mwambie daktari aangalie mgongo. Watu wengi wanatibiwa nyonga kumbe uti wa mgongo ndo unaobana mshipa. Inawezekana pia ukawa na viwili kwa pamoja.

Hatua ya 2: Hakikisha sio ile ya kwenda leo leo

Mwongozo huu ni wa maumivu ya muda mrefu. Kama umeanguka na sasa mguu haukanyagi, au umeonekana mfupi na umegeukia nje, usiendelee kusoma nenda hospitali, hasa kama ni mzee maana mfupa unaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Nyonga inauma sana na una homa, mguu hautaki hata kuguswa, hapo kunaweza kuwa na usaha ndani ya joint na usaha unakula gegedu (lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye joint) kwa siku chache, sio kwa miezi. Maumivu yasiyopoa usiku hata ukipumzika, unapungua uzito bila sababu, au uliwahi kuugua kansa, usisubiri miadi ya mbali. Mkojo au choo vimeanza kutoka bila wewe kujua au umekufa ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura ya mgongo.

Na mtoto. Mtoto anayechechemea au anayelalamika goti bila goti kuvimba, nyonga yake ilazimishwe kuangaliwa. Wanaobalehe kichwa cha mfupa kinaweza kuteleza kutoka mahali pake na kila siku inayopita inaharibu zaidi. Usiambiwe "anakua huyo".

Hatua ya 3: Daftari la wiki 2

Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifupa andika. Sio insha. Shida ya maumivu ni kwamba ukifika mbele ya daktari unasahau yote au unasema "inauma sana dokta", na "sana" yako yeye hawezi kuipima. Anachoweza kupima ni kile ambacho umeshindwa kufanya. Mimi nilikuwa naandika hivi: leo nimetembea dakika 12 nikakaa. Leo nimeshindwa kuvaa soksi ya kulia. Leo nimeamka mara 3. Leo nimeshuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta. Basi.

Soksi ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani, kukata kucha za miguu pia, kwa sababu vinahitaji nyonga ikunjwe na igeuke kwa pamoja na joint ikianza kulika ule mzunguko ndo unaotangulia kupotea.

Andika pia asubuhi unachukua muda gani kulegea. Hii daktari atakuuliza tu. Ukiamka umekakamaa halafu ndani ya nusu saa umelegea, inaelekea kwenye kulika kwa gegedu. Ukikakamaa saa nzima na zaidi, na kutembea kunakupa nafuu kuliko kupumzika, na una umri mdogo, hapo anatakiwa afikirie magonjwa ya viungo ambayo kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari andika dawa zote ulizowahi kutumia. Zote, hata zile za kunywa za kienyeji na zile za unga usizojua zina nini. Nitakwambia kwa nini hapo chini.

Hatua ya 4: Siku ya daktari

Vaa nguo ambayo inavuka kirahisi, suruali ya kubana iache nyumbani. Daktari mzuri atakuangalia ukitembea, atakusimamisha kwa mguu mmoja aone kama kiuno kinadondoka upande wa pili (kikidondoka misuli ya pembeni ya nyonga ni dhaifu), atakulaza azungushe mguu ndani na nje. Kama amekuandikia picha bila kukugusa, mwombe kwa upole akupime kwanza. Hakuna ubaya kuomba.

Eksirei ya nyonga zote mbili ndo inayoanza kawaida. Inaonyesha gegedu limebaki kiasi gani, mifupa iliyoota pembeni, kikombe kama kina kina cha kutosha maana kuna watu wamezaliwa na kikombe kifupi na hawajui mpaka wafike miaka 30. Ila picha na maumivu sio ndugu. Kuna mtu picha yake inatisha na anatembea vizuri na kuna mwenye picha safi halali usiku, kwaiyo usikubali kutibiwa picha, na pia usikubali kuambiwa huumwi kwa sababu picha iko safi.

Sasa lile la dawa. Kuna ugonjwa ambapo damu inaacha kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa taratibu halafu unabonyea. Wanaopata zaidi ni wenye siko seli, wanywaji wa pombe nyingi kwa muda mrefu, waliowahi kuvunjika au kuteguka nyonga, na watu waliotumia steroidi nyingi (dawa kali za kuzima uvimbe). Na kuna dawa za unga na za maji zinazouzwa kama mitishamba ya viungo ambazo ndani zimechanganywa steroidi kimya kimya, ndo maana zinakufanya ujisikie umepona siku ya pili. Ukiona dawa ya ajabu inafanya kazi haraka hivyo, ogopa. Pia usiikate ghafla kama umeitumia muda mrefu, mwambie daktari akupunguzie. Tatizo la ugonjwa huu mwanzoni eksirei haioni kitu, inaonwa na MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku. Kama uko kwenye hayo makundi na kinena kinauma na eksirei ni safi, uliza MRI. Na uliza kuhusu nyonga ya pili pia, huwa unapenda kuja pande zote mbili.

Kabla hujatoka uliza maswali matatu tu: ugonjwa wangu unaitwaje, nisipofanya kitu utaendaje, na nikifanya mazoezi nitaiharibu zaidi au hapana. Mwambie akuandikie jina kwenye karatasi, maana ukifika nyumbani utaulizwa na watu 10 na kila mmoja utampa jina tofauti.

Hatua ya 5: Vidonge

Vidonge vinakupa nafasi ya kusogea, havitengenezi gegedu. Parasetamoli kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na angalia dawa za mafua maana nyingi zina parasetamoli humo humo. Kwa nyonga iliyolika haisaidii sana peke yake kusema kweli. Ibuprofeni, diklofenaki na wenzake zinasaidia zaidi ila zinatoboa tumbo, zinapandisha presha na zinaumiza figo, kwaiyo ni dozi ndogo kwa muda mfupi, baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo, presha, figo, moyo, ujauzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda basi usijinunulie, uliza. Kuchanganya mbili za familia moja ndo kosa la wengi, mtu ana ibuprofeni asubuhi na diklofenaki jioni anaona ni dawa mbili tofauti.

Hatua ya 6: Mazoezi, hata kama hutaki kusikia

Najua. Nilipoambiwa mazoezi nilikasirika, nyonga inauma halafu unaniambia niifanyishe kazi? Nilipumzika miezi 5 kwa ubishi na nikawa mbaya zaidi, paja langu la kulia likawa jembamba kuliko la kushoto unaliona kwa macho. Joint inashikiliwa na misuli, misuli ikilala mzigo wote unabaki kwenye mfupa. Ukitembea kila hatua nyonga inabeba zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili wako, sasa piga hesabu kwa siku nzima. Ndo maana hata kupunguza kilo chache kama unazo za ziada nyonga inasikia.

Kama unaweza mpate mtaalamu wa fiziotherapi akupangie. Kama humpati, haya matatu yalinibeba mimi.

La kwanza kukaa na kusimama. Tafuta kiti kirefu, mikono kifuani, simama, kaa polepole kama vile kiti kina yai. Anza na mara 5.

La pili lala chali, kunja magoti, nyayo chini, nyanyua makalio juu, hesabu mpaka 5, shusha. Usiruke, usikaze shingo.

La tatu simama ukishika meza, peleka mguu pembeni kidogo bila kuinamisha kiwiliwili, rudisha. Ukikosea utaona unalala upande, basi punguza umbali.

Mara 3 kwa wiki, na kutembea kidogo kila siku au kuendesha baiskeli siti ikiwa juu au kutembea ndani ya maji kama unayapata. Kanuni ya maumivu niliyopewa na naishika mpaka leo: kwenye 0 mpaka 10 isipozidi 4 wakati wa zoezi endelea, mradi kesho yake asubuhi imerudi ilipokuwa. Kama kesho yake bado iko juu ulizidisha, sio kwamba mazoezi ni mabaya, punguza nusu. Na usipime matokeo kabla ya wiki 6, kwangu nafuu ya kueleweka ilikuja wiki ya 10.

Wale wa maumivu ya ubavuni mna lenu. Acha kukaa umepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, acha kusimama umeegemea mguu mmoja kiuno kimetoka nje kama unapiga picha, na ile ya kujinyoosha kwa kuvutia mguu upande wa pili iache kabisa, inazibana zile kano kwenye mfupa. Watu wanajinyoosha kila siku na kushangaa haiponi.

Hatua ya 7: Maisha ya kila siku

Fimbo inashikwa mkono wa upande MZIMA. Narudia maana kila siku naona watu wameshika upande unaouma. Nyonga ya kulia mbovu, fimbo mkono wa kushoto, na inatangulia pamoja na mguu mbovu. Urefu wake simama wima na viatu vyako, mikono imening'inia, mshikio ufike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Mimi nilikataa fimbo mwaka mzima kwa aibu, nikawa nachechemea, kumbe kuchechemea ndo kunaonekana zaidi kuliko fimbo.

Ngazi: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza fimbo na mguu mbovu.

Kulala, lalia upande mzima na uweke mto mnene kati ya magoti, mpaka vifundoni ukiweza, ili mguu wa juu usidondoke mbele. Ukilala chali weka mto chini ya magoti. Kiti kiwe kirefu kiasi kwamba nyonga iko juu ya goti, kwenye sofa la kuzama ongeza mto. Kuingia kwenye gari geuka mgongo kwanza, kaa, halafu zungusha miguu yote miwili kwa pamoja, ukiweka mfuko wa plastiki kwenye siti unateleza vizuri ila utoe kabla gari haijaondoka. Kuchuchumaa kunaibana sana joint, kama choo ni cha chini tafuta kiti cha kuwekea juu yake.

Na tendo la ndoa, ambalo hakuna anayeuliza. Nyonga inavuruga hili na watu wananyamaza mpaka ndoa inapoa, mwenzio anadhani humtaki kumbe unaogopa kuumia. Mwambie. Kulala ubavu ubavu na mto kati ya magoti kunawafaa wengi, na kuchagua saa ambayo dawa imeshaingia sio dhambi.

Hatua ya 8: Sindano

Sindano ya steroidi ndani ya joint inaweza kukupa nafuu ya wiki au miezi, wengine haiwapi kitu. Nyonga iko ndani sana, kwaiyo ichomwe kwa kuongozwa na picha, ya ultrasaundi au eksirei, sio kwa kukisia. Jambo la maana ambalo mimi sikuambiwa mapema, kama unafikiria upasuaji karibuni sema kabla ya kuchomwa, maana sindano ikiwa karibu na upasuaji inaongeza hatari ya kuoza kwa kidonda cha ndani, na madaktari wengi wanataka ipite kama miezi 3.

Hatua ya 9: Kubadilisha nyonga

Lini? Sio pale picha inapotisha. Ni pale daftari linaposema hulali, hutembei, dawa hazitoshi na mazoezi umefanya kweli kweli. Upasuaji wa sasa umetokana na kazi ya John Charnley wa Uingereza kuanzia mwaka 1962, kichwa cha chuma kinazunguka kwenye kikombe cha plastiki, na siku hizi kuna vya kauri pia. Hesabu za wagonjwa wengi zilizotolewa mwaka 2019 zinaonyesha karibu nyonga bandia 6 kati ya 10 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwaiyo mtu wa miaka 70 huenda ndo basi, wa miaka 35 ajue anaweza kuja kurudia, na kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Hatari zipo, damu kuganda mguuni, maambukizi, nyonga kuchomoka, mguu kuwa mrefu kidogo kuliko mwenzie. Kabla ya siku yenyewe tibu meno mabovu, shusha sukari kama una kisukari, acha sigara, na endelea na yale mazoezi matatu mpaka wiki ya mwisho, misuli unayoingia nayo ndo utakayotoka nayo. Nyumbani toa mazulia ya kujikwaa, shusha vitu vya juu na pandisha vya chini.

Watakusimamisha siku hiyo hiyo au kesho yake, usishtuke. Magongo au fimbo kama wiki 6, gari usiendeshe mpaka uruhusiwe. Kutegemea walivyokupasua unaweza kukatazwa kukunja nyonga kuzidi nyuzi 90 na kuvusha miguu, uliza masharti yako na sio ya jirani yako aliyepasuliwa kwa njia nyingine. Mguu wa chini ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, kidonda kikitoa maji au ukipata homa, rudi hospitali muda huo huo.

Mimi soksi ya kulia niliivaa mwenyewe wiki ya 9, bila kifaa, nikaipiga picha. Ya kushoto imeanza kunisumbua mwaka huu, nimeshanunua daftari jipya na niko siku ya 5.